Kompyuta Inayochelewa Nyumbani kwa Fundi Saa

Kwa miaka thelathini na minne Mama Mdogo wangu hakuwahi kumficha mumewe kitu, na siku alipoamua kuanza alinitafuta mimi. Najua nilipaswa kuona aibu. Kusema kweli nilifurahi kama niliyepewa cheo.

Mumewe, yaani Baba Mdogo, ni fundi saa. Mtaani wanamwita Dakika. Duka lake linafunguliwa saa mbili kamili, linafungwa saa kumi na moja kamili, na mchana anarudi nyumbani kula saa saba na dakika tano, kwa kuwa duka anafunga saa saba na njia ni ya dakika tano. Ukimwambia wewe unaweza kuitembea kwa dakika nne, atakuomba umwonyeshe, na atakufuata nyuma akiwa na saa mkononi. Mimi alinifuata. Nilitumia dakika tano na sekunde kumi.

Mama Mdogo yeye alikuwa mpiga chapa wa shule ya sekondari mpaka alipostaafu. Amechapa mitihani, barua za kufukuza watoto na barua za kuwarudisha, na mpaka leo anachapa bila kutazama vidole huku anakusema kuhusu nywele zako. Mumewe humwita Katibu. Alipostaafu alijiambia sasa atachapa mambo yake mwenyewe, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu Baba Mdogo anasoma juu ya bega la mtu. Hana nia mbaya. Anasimama tu nyuma ya kiti, mikono mgongoni, na kabla hujamaliza mstari ameshaurekebisha. Mama Mdogo alimwandikia dada yake kwamba alitoka kituo cha basi hadi sokoni kwa dakika kumi, sauti ikatoka juu ya kichwa chake ikisema, "Kumi na saba." Aliandika barua ya pole kwa jirani, akaambiwa marehemu hakufa alfajiri, alifariki saa moja kasoro, na hiyo si alfajiri.

Basi akaja kwenye kibanda changu. Mimi ni fundi wa kompyuta, nina chumba kimoja, meza mbili na feni isiyozunguka. Akafunga mlango mwenyewe kabla sijamwambia karibu.

"Nataka chumba changu humo ndani ya kompyuta ya nyumbani," akasema. "Chenye mlango wake."

"Nitakuwekea neno la siri kwenye faili zako, Mama Mdogo. Dakika mbili tu."

"Nikiweka neno la siri ataona kuna neno la siri. Ataniuliza la nini. Na wewe unanijua, nikiulizwa siwezi kudanganya."

"Sasa tufanye nini?"

"Tufanye asiulize."

Nikamuuliza kwani anaandika nini cha kufichwa hivyo. Akatazama mlango, kisha akanitolea karatasi mbili kwenye mkoba. Ilikuwa riwaya. Katika sentensi ya kwanza fundi saa mmoja anafariki kwa homa. Katika sentensi ya pili mjane wake anavaa viatu vyekundu na kutoka nje.

Nilisoma mara mbili, nikamtazama. Alikuwa ananitazama kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

"Ni hadithi tu," akasema.

"Naona."

"Lakini hawezi kuisoma. Unaelewa? Akiisoma nimekwisha."

Nilielewa. Nikamweleza kwamba kompyuta moja inaweza kubeba mifumo miwili ya kuiendesha, wa zamani na wa pili, kama nyumba moja ya wapangaji wawili, kila mmoja na chumba chake na mlango wake. Mashine ikiwaka itaingia kwenye mfumo wa zamani kama kawaida, bila kuuliza kitu, na Baba Mdogo hataona tofauti. Yeye peke yake atajua kwamba akibonyeza kitufe cha F12 mara tu inapowaka, mlango wa uani unafunguka. Alinishika mashavu kwa mikono miwili. Hajawahi kunifanyia hivyo hata nilipofaulu mtihani.

Tulifanya kazi Jumanne, yeye akichungulia dirishani kila baada ya muda ingawa wote tulijua mumewe hawezi kutokea kabla ya saa saba na dakika tano. Kazi yenyewe ilikataa kwenda. Kwanza mashine haikuitambua flashi niliyoichomeka, kwa sababu ina ulinzi unaokataa kuwashwa na kitu cha mgeni. Nikaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa nikauzima. Halafu mfumo wa pili ukasema hauwezi kugawa diski. Nilihangaika nusu saa nzima mpaka nikagundua kuwa mfumo wa zamani ukizimwa hauzimiki, unasinzia tu huku umeshikilia diski yake. Nikaurudia, nikauzima uzimike kabisa. Ilipofika saa saba kasoro dakika kumi, ule mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi ulikuwa asilimia tisini na nne.

Saa saba kamili, tisini na sita.

"Izime," akasema Mama Mdogo.

"Nikiizima sasa hivi hutakuwa na mfumo wa pili wala wa kwanza."

Akachukua kitambaa cha meza akaifunika skrini, juu yake akaweka bakuli la matunda, likateleza, akalirudisha, akalishikilia kwa kiwiko. Baba Mdogo akaingia. Nikainuka nikamwamkia. Akaketi, akala, akasifu mboga, akauliza kwa nini mkewe anakula amesimama. Mama Mdogo akajibu kwamba mgongo unamuuma, na hiyo kweli ilikuwa kweli, kwa jinsi alivyojipinda kushikilia lile bakuli. Katikati ya chakula kompyuta ikalia mlio mmoja mtamu wa kutangaza kwamba imemaliza.

"Nini hicho?" akauliza Baba Mdogo.

"Simu yangu," nikasema.

Akatazama simu yangu, iliyokuwa imeisha chaji mezani mbele yake, kisha akajiongezea mboga. Alimaliza chakula na kurudi dukani kwa wakati wake. Sisi wawili tulicheka mpaka Mama Mdogo akakaa chini sakafuni.

Kuna jambo moja sikulifanya siku ile, na nalisema mapema ili nisionekane nalificha. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayotembea kwa betri ya duara, ileile inayotumika kwenye saa nyingi, na huendelea kutembea hata mashine ikizimwa. Mfumo wa zamani huiamini saa hiyo kuwa ni saa ya hapa tunapoishi. Mfumo wa pili huiona kuwa ni saa ya dunia nzima, na unafanya hesabu yake wenyewe. Kwa hiyo kila ukifunga mfumo wa pili, unaiacha ile saa ndogo imerudishwa nyuma masaa matatu, na mfumo wa zamani ukiwaka unayaamini. Kila fundi wa kazi yangu analijua hili. Dawa yake ni amri ya mstari mmoja. Mimi niliisahau kwa sababu nilikuwa najisifu kuhusu ule uongo wa simu.

Kompyuta, basi, ikaanza kuchelewa masaa matatu. Nyumbani kwa fundi saa.

Asubuhi Mama Mdogo anaandika, mjane wake anazunguka mji na viatu vyake. Jioni Baba Mdogo anawasha mfumo wa zamani asome habari, nje ni saa kumi na moja na nusu, mashine inamwambia ni saa nane na nusu. Siku ya kwanza akairekebisha. Siku ya pili akairekebisha. Siku ya tatu akachukua daftari. Alifuatilia kwa wiki tano, na aliyoyapata yakazidi kumchanganya: saa inapotea masaa matatu kamili, haipungui wala haizidi hata sekunde, tena Jumatatu hadi Ijumaa tu. Mwisho wa wiki, yeye akiwa nyumbani, haipotei.

"Katika maisha yangu sijaona saa inayokwenda kazini," alimwambia mkewe.

Mama Mdogo akamjibu kwamba labda ni uzee. Alikuwa na maana ya uzee wa kompyuta.

Mimi haya yote sikuyajua. Baba Mdogo aliwaeleza wateja, jirani, hata muuza magazeti, lakini kwangu hakuja, kwa kuwa kwake saa ni saa, na fundi wa saa ni yeye. Akabadilisha betri. Tatizo likabaki. Akaibadilisha tena, akanunua ya aina bora zaidi. Likabaki. Mara zote mbili waya wa umeme ulikuwa umechomekwa ukutani, ndiyo maana mashine haikusahau chochote. Jumamosi moja akaamua kuitibu jinsi wanavyotibu saa sugu: akachomoa waya, akatoa betri, akaiacha mashine wazi ipumzike mpaka kesho yake mchana.

Kompyuta ukiinyima umeme wote kwa muda mrefu hivyo, inasahau mipangilio yake ya ndani. Hii nayo ilisahau mlango upi ni wa mbele. Jumapili alipoiwasha iliingia moja kwa moja kwenye mfumo wa pili.

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Mdogo, ananong'ona ingawa alikuwa peke yake nyumbani, kwamba amekatazwa kuigusa kompyuta na hajui kwa nini. Ya pili ilikuwa ya Baba Mdogo. Alitaka nifike dukani.

Nilimkuta ameketi nyuma ya meza yake, kile kioo cha kukuzia kimening'inia shingoni badala ya kuwa jichoni. Mbele yake alisimama mama mmoja na saa ya mkono, ndogo, ya kike.

"Hii ipeleke kwingine, mama," alikuwa anamwambia. "Mimi sizipokei tena hizi."

Yule mama akaondoka akigeuka nyuma. Mimi nikavuta kiti.

"Nimeiua kompyuta," akasema Baba Mdogo. "Nilikuwa narudisha betri, mkono ukacheza, kibano kikateleza kikagonga humo ndani. Nilipoiwasha ikaja kitu sijawahi kukiona. Rangi nyingine, kila kitu kingine. Imeandika Mjane, halafu inataka neno la siri. Picha zote zimekwenda. Harusi ya binti yetu, watoto wakiwa wadogo, zote."

Mjane ndilo jina ambalo Mama Mdogo alijiandikisha nalo. Siku nyingine yoyote ningecheka hadi nikohoe. Siku ile nilimtazama mikono. Alikuwa ameiweka chini ya meza, na nikagundua kwamba kwa muda mrefu sasa, kila nikija, mikono hiyo huwa chini ya meza.

"Mwaka wa pili huu," akasema, kwa kuwa aliona ninapotazama. "Asubuhi ni afadhali. Nilikuwa najiambia, mradi bado najua saa ina ugonjwa gani, mikono tutaibembeleza. Sasa hata ugonjwa wenyewe siuoni. Wiki tano, saa ya kitoto, imenishinda. Halafu nimeivunja."

Akatoa mkono mmoja, akanisukumia kibano chake kile chembamba, alichorithi kwa aliyemfundisha kazi.

"Kichukue. Kitakufaa kwenye mambo yako. Na usimwambie Katibu habari ya mikono. Hajui."

Nilikichukua, kwa kuwa sikujua namna ya kukikataa bila kusema kila kitu. Nilitoka pale nimejichukia, na kama ilivyo kawaida ya mtu anayejichukia, nikaenda kumgombeza mtu mwingine.

"Wiki tano saa inarudi nyuma na hukuniambia?" nikamwambia Mama Mdogo kabla hata ya salamu.

"Nyumba hii ina saa ishirini na sita," akasema. "Moja ikikosea ndiyo nikupigie simu?"

Nikamweleza yote ya saa, ya betri, ya mlango wa mbele. Nikamwambia picha zipo, riwaya ipo, hakuna kilichovunjika hata kidogo, na nikiwa na nusu saa narudisha kila kitu mahali pake, naweka na ule mstari wa kurekebisha saa. Baba Mdogo akija mchana tutamwambia diski ilijikwaa, mimi nimeiinua. Siri itabaki siri.

Alikubali. Akaanza kunisogezea kiti. Kisha akauliza, kwa kupita tu, "Kwani dukani amesemaje?"

Nilikuwa nimeapishwa. Nikatafuta kitu cha kusema kisichokuwa mikono.

"Hajasema kitu. Amemrudisha mteja."

"Mwenye saa gani?"

"Ya mkono. Ya kike, ndogo."

Mama Mdogo akaacha kusogeza kiti.

"Anafikiri ni yeye," akasema.

"Tukimwambia ni diski..."

"Tukimwambia ni diski, ataambiwa na wewe. Atakuwa ameshindwa na kitu ambacho wewe umekitengeneza kwa nusu saa. Hapana. Usiguse kitu. Iache hivyohivyo mpaka aje."

"Mama Mdogo, kwenye sentensi ya kwanza amekufa."

"Najua amekufa. Nimemuua mimi."

Baba Mdogo aliingia saa saba na dakika tano. Mama Mdogo hakungoja anawe. Alimwambia amesimama, mikono ameishika mbele kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, kwamba saa haikuwa na ugonjwa, betri ya kwanza ilikuwa nzima, ya pili nzima na ya tatu nzima, na kwamba hakuna mkono wowote uliovunja kitu. Kwamba ni yeye aliyeniomba niweke mfumo wa pili, na ni mimi niliyeacha kosa. Hapo alininyooshea kidole, na sikuona sababu ya kubisha.

Baba Mdogo alisikiliza mpaka mwisho.

"Jumatatu hadi Ijumaa," akasema.

"Ndiyo. Ukiwa dukani."

"Masaa matatu kamili."

"Mwulize huyu. Mimi sijui kwa nini ni matatu."

Nikamweleza. Aliuliza maswali manne, yote ya maana, na nilipomaliza aliitikia kwa kichwa taratibu, na mabega yake yakashuka kidogo. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tano anavuta pumzi vizuri.

"Kwa hiyo niliisoma sawa," akasema. "Haikuwa betri. Niliandika kwenye daftari, inaonekana kama kuna mtu anairudisha. Nikalifuta."

Halafu akauliza lile swali.

"Na huko kwenye mfumo wa pili unafanya nini, Katibu?"

Mama Mdogo aliwasha kompyuta. Jina la Mjane likatokea, akaandika neno lake la siri, akafungua faili, akaketi. Baba Mdogo akasimama nyuma ya kiti.

Sentensi ya kwanza. Nilimwona akiirudia.

"Huyu ni mimi?"

"Ni fundi saa," akasema Mama Mdogo, kisha, kwa kuwa ameulizwa na hawezi kudanganya, "Ni wewe."

"Nimekufa kwa homa."

"Ndiyo."

"Ya siku ngapi?"

"Mbili."

"Siku mbili tu. Na mke wangu anatoka na viatu vyekundu."

"Hadithi ilibidi ianze."

Aliendelea kusoma, Mama Mdogo akipandisha ukurasa baada ya ukurasa, shingo imekakamaa, akingoja. Chakula kilipoa. Saa za ukutani ziligonga saa nane, zote kwa pamoja, na Baba Mdogo hakwenda dukani. Mjane alikuwa amefika mji wa tatu, amekataa wanaume wawili na kumkubali mmoja kwa jioni moja, na katika chumba cha nyumba ya wageni alikuwa anamkumbuka marehemu. Hapo Baba Mdogo akasema, "Ngoja. Rudi juu kidogo."

Akausoma kwa sauti ule mstari. Mkewe alikuwa ameandika kwamba marehemu, mpaka siku alipolala asiamke, aliweza kuokota skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga, na mkono wake haukutikisika hata mara moja.

Baba Mdogo alikuwa ameshika mgongo wa kiti, na kiti kilikuwa kinatetemeka kidogo, pamoja na aliyekikalia.

"Wewe ulijua," akasema.

"Tangu mwaka juzi. Unafikiri ni nani anayefuta chai kwenye kisahani chako?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unaficha. Nikakuachia." Hakugeuka. Alikuwa anaisemesha skrini. "Ndiyo maana nikakuua mapema. Nilitaka ufe kabla mikono haijaanza."

Baba Mdogo akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka ikambidi avute kiti kingine aketi kando yake, na Mama Mdogo akawa anacheka na kulia kwa pamoja, akijifuta kwa kile kitambaa cha meza.

"Kesho nitaandika kibao," akasema Baba Mdogo alipopata pumzi. "Saa za ukutani na za mezani tu. Za mkono waende kwingine."

Akanigeukia, akaunyoosha mkono wake juu ya meza, mbele ya mkewe, ukitetemeka waziwazi.

"Nipe kibano changu," akasema. Nikampa.